Saa ya Mwili na Saa ya Chakula

Kwa nini njaa humshika mtu saa saba mchana hata asipokuwa na saa mkononi? Na kwa nini wengine huamka usiku wa manane kutafuta chakula ilhali wenzao wamelala fofofo? Wataalamu wa elimu ya viumbe wanatueleza kwamba sehemu ya jibu imo ndani ya seli zetu.

Kila mmoja wetu ana jeni zinazofanya kazi kama saa. Jeni hizo huamuru protini fulani zitengenezwe. Protini zikishakuwa nyingi, huzizuia jeni zilezile zilizozizaa. Zikipungua, jeni huanza upya. Mzunguko huo huchukua takribani saa 24. Saa kuu imo ubongoni, nayo ina seli zipatazo 20,000 zinazopokea habari za mwanga kutoka machoni. Ini na kongosho vina saa zao pia, na hizi huathiriwa sana na wakati wa kula.

Jeni ya kwanza ya aina hii ilitambuliwa mwaka 1971, pale Ronald Konopka na Seymour Benzer walipochunguza inzi wa matunda huko California. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi.

Je, jeni hizi zinahusianaje na ulaji? Panya kwa kawaida hula usiku. Mwaka 2005 Fred Turek, Joseph Bass na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walieleza habari za panya wenye kasoro katika jeni iitwayo Clock, yaani 'saa'. Panya hao walikula ovyo usiku na mchana, wakanenepa kupita kiasi, na sukari ikapanda katika damu yao. Mwaka 2012 kundi la Satchidananda Panda lilionyesha kwamba panya waliopewa chakula chenye mafuta kwa saa nane tu kila siku hawakunenepa kama wale waliokula wakati wowote, ingawa kiasi cha chakula kilikuwa sawa.

Hata hivyo, binadamu si panya. Huko China watu 139 wenye unene uliozidi walipunguza chakula kwa miezi 12. Baadhi yao waliruhusiwa kula kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni tu. Matokeo, yaliyotangazwa mwaka 2022, hayakuonyesha tofauti kubwa ya uzito kati ya makundi mawili. Lakini inajulikana kuwa wafanyakazi wa zamu za usiku, kama wauguzi na walinzi, wamo katika hatari zaidi ya kupata kisukari. Kwa hiyo jeni haziamui peke yake. Kazi, mwanga na mazoea vina sehemu yake.

Kwa walimu wa Kiswahili, mada hii inafaa darasani. Wanafunzi wengi hutatizwa na saa za Kiswahili. Waelezwe kwamba hesabu yetu huanza kunapopambazuka, na saa ya mwili nayo hurekebishwa na mwanga wa asubuhi. Kisha waulizwe: wewe hula saa ngapi, na kwa nini saa hiyo?