Chuma Kati ya Mwili na Kimelea: Jaribio la Pemba na Mipaka ya Dawa Zinazofunga Chuma

Tarehe 19 Agosti 2003, sehemu ya jaribio kubwa la lishe lililokuwa likiendeshwa kisiwani Pemba ilisitishwa kabla ya muda wake, kwa ushauri wa bodi iliyosimamia usalama wa washiriki. Watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 walikuwa wamegawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu: waliopewa chuma na asidi ya foliki, waliopewa virutubishi hivyo pamoja na zinki, na waliopewa plasebo. Kipimo cha chuma kilikuwa miligramu 12.5 kwa siku, na nusu yake kwa watoto walio chini ya mwaka mmoja. Hakikuwa kipimo kikubwa. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa na Sazawal na wenzake katika jarida la The Lancet mwaka 2006 yalionesha kuwa uwezekano wa kufariki au kulazwa hospitalini kutokana na tukio baya la kiafya ulikuwa mkubwa kwa asilimia 12 miongoni mwa watoto waliopewa chuma kuliko waliopewa plasebo. Jaribio sambamba lililofanyika Nepal, mahali pasipo na malaria ya namna ya Pemba, halikuonesha madhara hayo.

Matokeo ya Pemba yaliwashtua wataalamu wa lishe, kwa kuwa upungufu wa damu unaosababishwa na ukosefu wa chuma ni tatizo la kweli katika ukanda huo, na tiba yake ilidhaniwa kuwa nyepesi: anayepungukiwa na chuma apewe chuma. Makala haya yanaeleza kwa nini mantiki hiyo haitoshi. Hoja inayojengwa ni kwamba chuma hakipaswi kutazamwa kama kirutubishi cha mwili peke yake, bali kama mali inayogombaniwa baina ya mwili na viumbe vinavyouvamia. Kwa msingi huo, kumpa mgonjwa chuma na kumnyang'anya chuma ni hatua zinazohitaji tahadhari ya kiwango kimoja.

Uchumi wa chuma mwilini

Mwili wa mtu mzima una gramu 3 hadi 4 za chuma, na takribani theluthi mbili yake imo katika hemoglobini. Kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula ni miligramu 1 au 2 tu kwa siku, ilhali utengenezaji wa chembe nyekundu za damu unahitaji miligramu 20 hadi 25. Pengo hilo huzibwa na makrofaji za bandama na ini, ambazo humeng'enya chembe nyekundu zilizozeeka na kurejesha chuma chake katika mzunguko. Mwili hauna njia maalumu ya kutoa chuma kilichozidi. Kinachoingia hubaki, isipokuwa mtu apoteze damu au seli za ngozi na utumbo zibanduke. Kwa sababu hiyo udhibiti wote hufanyika mlangoni, yaani kwenye utumbo na kwenye makrofaji.

Ndani ya damu, chuma hakiachwi huru. Hubebwa na protini iitwayo transferini, ambayo kwa mtu mwenye afya hujazwa kwa kiasi cha theluthi moja tu ya uwezo wake. Nafasi iliyobaki wazi ina kazi: chuma chochote kinachojitokeza hukamatwa mara moja. Maziwa ya mama, machozi na mate yana laktoferini, protini ya jamii hiyohiyo. Uhusiano wa mpangilio huu na kinga ulibainishwa mapema. Mwaka 1944 Schade na Caroline walionesha kuwa ute mweupe wa yai la kuku huzuia bakteria kuongezeka, na kwamba kizuizi hicho huondoka chuma kinapoongezwa. Miaka miwili baadaye walieleza kuwepo kwa kifunga-chuma cha namna hiyo katika plazma ya damu ya binadamu. Jambo hili lilikaa pembeni kwa miongo mingi, pengine kwa sababu ujio wa viuavijasumu ulifanya kinga ya aina hii ionekane haina haja.

Kiungo kilichokosekana katika maelezo hayo kilipatikana mwanzoni mwa karne hii. Hepsidini, homoni ndogo inayotengenezwa na ini, hujishikiza kwenye ferropotini, ambayo ndiyo njia pekee inayojulikana ya kutolea chuma nje ya seli, na kuifanya iharibiwe (Nemeth na wenzake, 2004). Maambukizi yanapoingia, kemikali za uvimbe, hasa interlukini-6, huamsha utengenezaji wa hepsidini. Ndani ya saa chache chuma cha plazma hushuka, makrofaji hukifungia ndani, na utumbo huacha kukipitisha. Iwapo hali hiyo itadumu, mgonjwa hupungukiwa na damu ilhali ghala lake la chuma limejaa. Upungufu huo wa damu ni gharama ya ulinzi, na haufai kuchanganywa na ule wa njaa ya chuma.

Bakteria nao wana mbinu zao. Wengi hutoa molekuli ndogo ziitwazo siderofori, ambazo hufunga chuma kwa nguvu inayoishinda transferini kisha hurudishwa ndani ya bakteria pamoja na mzigo wake. Enterobaktini ya Escherichia coli ni mfano unaojulikana sana. Mwili huijibu kwa lipokalini 2, protini inayoikamata enterobaktini kabla haijarudi kwa mwenyewe. Salmonella nayo hubadilisha umbo la siderofori yake kwa kuiongezea sukari ili isishikike.

Kurudi Pemba

Kwa maelezo hayo, matokeo ya Pemba yanasomeka kwa namna nyingine. Mtoto mwenye malaria ana hepsidini nyingi, na chuma anachopewa kwa mdomo hakifyonzwi vizuri. Kiasi kikubwa hubaki utumbuni. Utafiti uliofanywa kwa watoto wachanga nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2015 uliona kuwa unga wa virutubishi wenye chuma uliongeza bakteria wenye uwezo wa kusababisha magonjwa katika utumbo wao. Kile kidogo kinachoingia huchochea utengenezaji wa chembe nyekundu changa, ambazo Plasmodium falciparum huzivamia na kukua ndani yake kwa urahisi zaidi. Malaria inapopasua chembe nyekundu kwa wingi, Salmonella hupata mwanya wa kusambaa katika damu, jambo ambalo madaktari wa watoto Afrika Mashariki wanalifahamu vyema.

Ushahidi wa zamani zaidi ulielekea upande huohuo. Mwaka 1978 Murray na wenzake waliripoti juu ya wafugaji wa Kisomali waliokuwa na upungufu wa chuma: matukio ya maambukizi yalikuwa 36 katika kundi lililopewa chuma na 7 tu katika kundi la plasebo. Miongoni mwake kulikuwa na malaria, kifua kikuu na bruselosi iliyokuwa imelala.

Hata hivyo, kuna sehemu ya ripoti ya Pemba ambayo hunukuliwa mara chache kuliko inavyostahili. Katika kikundi kidogo cha watoto waliopimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu ili watibiwe malaria mapema, wale waliokuwa na upungufu halisi wa chuma pamoja na upungufu wa damu walinufaika. Madhara yalielekea kwa wale waliokuwa na chuma cha kutosha. Kwa hiyo kusema kwamba jaribio hilo lilithibitisha ubaya wa chuma ni kulisoma nusunusu.

Dawa zinazofunga chuma

Ikiwa chuma huwasaidia vimelea, je, kukiondoa hakutamponya mgonjwa? Deferoksamini ilikuwa dawa ya kwanza kujibiwa nayo swali hilo. Asili yake ni siderofori ya bakteria wa udongo, Streptomyces pilosus, na imetumika tangu miaka ya 1960 kuwaondolea chuma kilichozidi wagonjwa wa thalasemia wanaoongezewa damu mara kwa mara. Mwaka 1992 Gordeuk na wenzake waliijaribu nchini Zambia kwa watoto 83 wenye malaria ya ubongo, sambamba na kwinini. Watoto waliopata deferoksamini walizinduka mapema zaidi. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini jaribio lililofuata, la watoto 352, halikupunguza vifo. Idadi ya waliofariki ilikuwa kubwa upande wa dawa, japo tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuithibitisha kitakwimu. Tofauti baina ya majaribio hayo mawili ni onyo dhidi ya kujenga tiba juu ya kigezo cha kuzinduka peke yake.

Kuna kasoro ya ndani zaidi. Kwa kuwa deferoksamini yenyewe ni siderofori, viumbe vingine huweza kuitumia kama chanzo cha chuma. Yersinia enterocolitica ni mmoja wao. Kuvu wa jamii ya Rhizopus ni mwingine, na maambukizi mabaya yake yaliripotiwa kwa wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu huku wakipewa dawa hiyo. Deferasiroksi, ambayo Rhizopus hawezi kuitumia, ilionekana kuwa suluhisho na ilifaulu kwa panya. Katika jaribio dogo la wagonjwa 20 lililochapishwa mwaka 2012, hata hivyo, vifo baada ya siku 90 vilikuwa vingi zaidi miongoni mwa walioongezewa deferasiroksi. Makundi hayo hayakulingana kwa ukali wa maradhi ya awali, na kwa hiyo lawama yote haiwezi kubebeshwa dawa, lakini hakuna kilichobaki cha kuitetea.

Mafanikio yamepatikana kwa kuigeuza mbinu ya bakteria dhidi yao. Sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Novemba 2019, ni kiuavijasumu kilichounganishwa na sehemu inayofunga chuma. Bakteria huikaribisha kama siderofori na kuiingiza ndani wenyewe. Dawa hii haimnyimi bakteria chuma. Hutumia njaa yake kama mlango.

Kwa upande wa lishe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza kwamba, katika maeneo yenye malaria, watoto wapewe chuma sambamba na hatua za kuzuia, kupima na kutibu malaria. Sharti hilo lina mantiki, lakini linaacha ugumu wa vipimo. Feritini, inayotumika kukadiria akiba ya chuma, hupanda wakati wa uvimbe, na hivyo mtoto mwenye homa huweza kuonekana ametosheka ilhali amepungukiwa. Hepsidini ilitazamiwa kuwa kipimo bora, kwa kuwa husema kama mwili uko tayari kupokea chuma kwa wakati huo. Jaribio lililofanywa kwa wajawazito nchini Gambia na kuchapishwa mwaka 2019 liliwapa baadhi yao chuma pale tu hepsidini iliporuhusu: walitumia chuma kidogo zaidi, lakini upungufu wa damu haukudhibitiwa vizuri kama kwa waliopewa kila siku. Wanawake hao si watoto wa Pemba, na kipimo kilichowashinda wao hakijafutwa kwa watoto wenye malaria. Bado kinadai kujaribiwa mahali ambapo kosa la mwaka 2003 lingeweza kurudiwa, tena katika zahanati ambako mara nyingi kipimo pekee kilichopo ni hemoglobini.