Skafu ya Donegal: Imefumwa kwa Nini?

Katika zoezi la tafsiri tuliwapa wanafunzi wetu maelezo ya skafu ya sufu iliyotengenezwa kwa uzi wa twidi wa Donegal, kaskazini-magharibi mwa Ayalandi. Wengi waliandika kwamba skafu hiyo "imefumwa". Hawakukosea, ila msomaji wao hakuweza kujua imefumwa kwa njia gani. Kwa hiyo tumeona ni vyema tulifafanue jambo hili.

Twidi kwa asili ni kitambaa kizito cha sufu. Kitambaa hicho hufumwa kwa kitanda cha mfumi: nyuzi za mtande hutandazwa kwa urefu, na nyuzi za mshindio hupitishwa kati yake kwa upana. Skafu yetu haipiti huko. Hufumwa kwa sindano mbili ndefu. Uzi hupindwa kuwa vitanzi, na kila kitanzi huvutwa ndani ya kingine. Ndiyo sababu skafu hiyo hunyumbuka ikivutwa, na uzi ukikatika huanza kufumuka.

Basi kwa nini uzi wake uitwe wa twidi? Ni kwa sababu ya utengenezaji wake. Sufu hutiwa rangi kabla ya kusokotwa. Kisha sufu za rangi mbalimbali huchanganywa na kuchanwa pamoja, na hapo huongezwa vinundu vidogo vya sufu vya rangi nyingine. Uzi ukishasokotwa, vinundu hivyo huonekana kama madoadoa mekundu, ya njano au ya buluu. Zamani rangi hizo zilitokana na mimea ya huko huko.

Jina lenyewe lina kisa. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1830 mfanyabiashara mmoja wa London alilisoma vibaya neno la Kiskoti *tweel*, akadhani ni Tweed, jina la mto. Waayalandi wanalo neno lao, *bréidín*, na Kilcar, panaposokotwa uzi huu, pamo katika eneo la wazungumzaji wa Kiayalandi.

Sisi nasi tusiyaache maneno yetu. Tunapendekeza tuseme "kufuma kwa sindano" na "kufuma kwa kitanda" kila inapohitajika kutofautisha. Mtande, mshindio, kusokota na kuchana tunayo tayari. Tuyafundishe madarasani kabla hayajasahaulika.