Hesabu za Chuoni na Thamani ya Mdakaji

Katika mpira wa Kimarekani, ule unaorushwa na kukimbizwa kwa mikono, kijana atokaye chuo kikuu hajichagulii timu. Timu 32 za ligi ya kulipwa huwachagua vijana kwa zamu, katika raundi 7. Anayetajwa mapema hupata mkataba mnono. Anayetajwa mwishoni huambulia kidogo, na kazi yake haina uhakika. Hivyo riziki ya kijana na ya jamaa zake hutegemea namba atakayoitwa.

Kwa mdakaji, yaani mchezaji apokeaye mpira uliorushwa, wakaguzi hupekua daftari la chuoni: amedaka mara ngapi? Amesonga yadi ngapi? Je, hesabu hizo zaweza kutabiri mambo yajayo?

Tuutazame uchaguzi wa mwaka 2017. Corey Davis wa Western Michigan alikuwa amekusanya zaidi ya yadi 5,200, akachaguliwa wa 5. John Ross alikimbia yadi 40 kwa sekunde 4.22, akachaguliwa wa 9. Cooper Kupp wa Eastern Washington alikuwa na yadi 6,464, kuwashinda wote wawili. Hata hivyo aliitwa wa 69. Chuo chake kilicheza daraja la chini, na mbio zake zilikuwa sekunde 4.62.

Yaliyofuata yaliwashangaza wengi. Katika msimu wake wa kwanza, Ross hakudaka hata mpira mmoja. Kupp alidaka 62. Davis alicheza misimu sita bila kufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Mwaka 2021, Kupp aliongoza ligi nzima: alidaka mara 145, akasonga yadi 1,947 na kufunga mara 16.

Basi, je, daftari husema uongo? La hasha. Daftari la Kupp lilisema kweli, na la Davis pia halikughushiwa. Lakini mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Timu nyingine za vyuo hurusha mpira mfululizo, na kila mdakaji wake huvuna yadi tele. Mwingine huvuna kwa kuwa ana umri mkubwa kuliko wapinzani wake. Kwa hiyo mkaguzi makini huuliza: kati ya yadi zote za timu, fungu lake lilikuwa kiasi gani? Alianza kung'ara akiwa na umri gani? Nani alimkaba?

Jerry Rice naye alitoka chuo kidogo, Mississippi Valley State, ambako alifunga mara 27 mwaka 1984. Mwaka uliofuata timu kadhaa zilimpita, akachaguliwa wa 16. Alistaafu akiwa na yadi 22,895, rekodi ambayo haijafikiwa na mdakaji yeyote.

Hesabu ni shahidi mwema, lakini shahidi huhojiwa kabla ya hukumu kutolewa. Asipohojiwa, anayeumia ni kijana aliyeketi nyumbani na wazazi wake, akingoja jina lake litajwe.