Rwenzori, mlima uliopakuliwa

Msomaji wa Kasese ameuliza: ikiwa Rwenzori haukuwahi kutema moto, umefikaje mita 5,109, ukawa wa tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Mlima Kenya, ambayo yote miwili ni volkano?

Volkano naziruka, zinajirundika tu, lava juu ya lava. Himalaya nayo, iliyokunjwa India ilipoigonga Asia, ina wapenzi wa kutosha. Rwenzori ni mlima wa pande: kipande cha ganda la dunia kilichokatwa na nyufa kikainuka kizima. (Wengine husema "mlima bloku". Bloku kwangu ni la kujengea ukuta.)

Kikainuliwa na nani? Hapo ndipo penye utamu. Ganda la dunia linaelea juu ya mwamba mzito zaidi, mgumu kabisa, ila joto linaufanya ujongee polepole mno. Basi fikiria jahazi lililosheheni boriti za Rufiji, maji yamekaribia ukingo. Makuli wanapoteremsha mzigo, hakuna anayelisukuma kutoka chini; kila boriti ikitoka linapanda lenyewe, hadi mwani ulioota chini ya maji unaonekana. Ganda la Afrika Mashariki, likivutwa huku na huku, hukatika kwa mshazari. Upande wa juu wa ufa huteleza chini na kuwa bonde. Uliobaki umetuliwa mzigo, nao unapanda. Kingo nyingi za Bonde la Ufa hupakuliwa upande mmoja tu. Rwenzori umepakuliwa pande mbili, magharibi kwenye bonde la Semliki na mashariki kwenye lile la Ziwa George. Mwani wake ni miamba ya naisi, iliyopikwa kilomita nyingi ardhini zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, na leo inakanyagwa na wapandaji wanaoiendea theluji. Kuinuka kwenyewe ni kwa juzi, miaka milioni chache.

Wapo wanaosema upakuaji hautoshi, kwamba sehemu ya mzizi wa mlima imemeguka na kuzama. Haya, na wapige hesabu.

Mvua na barafu nazo ni makuli. Zinamega mawe, mito inayabeba hadi Semliki, mlima unazidi kuwa mwepesi huku bonde likilemewa na mchanga. Na kazi inaendelea: tarehe 20 Machi 1966 nyufa hizo zilicheza, na tetemeko la Toro likaua watu zaidi ya 100.