Stika ya gari kwenye fleti: kwa nini mpangaji hukosa pa kuegesha

Msikilizaji wetu mmoja kutoka Mbarali alitutumia ujumbe baada ya kurudi Dar es Salaam. Alikuwa amempelekea binti yake magunia mawili ya mchele. Binti huyo anapanga kwenye jengo la fleti. Mzee alifika saa nne usiku na pikapu ya kukopa, mlinzi akamfungulia geti, mzigo ukashushwa, akapanda juu kula na kulala. Asubuhi akakuta gurudumu limefungwa mnyororo na anadaiwa faini, kwa kuwa gari halikuwa na stika ya jengo.

Swali lake lilikuwa hili: binti yangu analipa kodi, inakuwaje hana hata nafasi moja ya gari, na stika yake iko wapi?

Tumeona tulijibu kwa maandishi, kwa sababu haliwahusu watu wa mjini peke yao. Wengi wetu huku tuna mtoto au ndugu anayepanga fleti mjini. Wapo pia wastaafu wa huku waliotumia kiinua mgongo kununua fleti, nao wanaipangisha wakiwa kijijini.

Uwanja ni wa nani?

Tanzania ina sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyotungwa mwaka 2008. Kwa sheria hiyo, jengo moja la ghorofa linaweza kuwa na wamiliki wengi, kila mmoja na hati ya fleti yake. Ngazi, paa, geti na uwanja ni mali ya pamoja. Wamiliki wanakuwa na chama chao, na chama ndicho kinachoweka kanuni na kukusanya michango ya ulinzi, usafi na matengenezo.

Kwa hiyo mtu akinunua fleti, asidhani amenunua pia nafasi ya gari. Kuna majengo ambayo nafasi imeandikwa kwenye mkataba wa kununua pamoja na fleti. Kuna mengine ambayo chama kinagawa nafasi, na kinaweza kubadilisha mgawo. Na kuna mengine ambayo anayewahi ndiye anayeegesha, mradi awe na stika.

Stika zinavyozaana

Tuchukue mfano. Jengo lina fleti 40 na nafasi za magari 30. Mwanzoni wamiliki wenyewe ndio wanaoishi humo. Kila fleti inapewa stika moja isiyo na tarehe wala namba ya gari. Kwa kuwa si kila mtu ana gari, nafasi zinatosha.

Miaka inapita. Fleti 25 zinapangishwa. Mwenye nyumba amehama lakini stika amebaki nayo, kwa sababu hupita mara mojamoja kuangalia mali yake. Mpangaji anaomba stika nyingine, anapewa. Akihama, anaondoka nayo kwenye kioo cha gari. Anakuja mpangaji wa pili, naye anapewa yake. Sasa fleti moja ina stika tatu.

Zidisha kwa fleti 25, unapata stika 75. Ongeza 15 za wamiliki wanaoishi pale, zinakuwa 90, na nafasi bado ni 30. Mlinzi wa getini hawezi kujua nani anaishi humo na nani alihama mwaka juzi. Chama kikielemewa kinaleta minyororo. Anayefungwa ni mgeni kama mzee wetu, wakati aliyehama na stika yake anaingia na kutoka bila kuulizwa.

Tujifunze kwenye mfereji

Wakulima wa mpunga wanalijua jambo hili vizuri. Shamba likikodishwa msimu mzima, zamu ya maji anaitumia anayelima. Mwenye shamba hawezi kuchukua kodi kisha akapeleka zamu hiyo kwenye jaruba lake jingine. Na msimu ukiisha, aliyekodi haondoki na zamu.

Stika ya gari iendeshwe vivyo hivyo. Imfuate anayeishi kwenye fleti, kwa muda anaoishi hapo. Mmiliki aliyepangisha fleti yake amepangisha na nafasi yake ya gari, isipokuwa kama mkataba wa upangaji umesema vinginevyo, na mpangaji amelijua hilo kabla ya kulipa.

Utaratibu unaofaa

Hauhitaji mitambo ya gharama. Daftari na kalamu vinatosha kuanzia.

1. Stika zote za zamani zifutwe kwa siku moja iliyotangazwa, na mpya ziwe za rangi nyingine. Hilo peke yake linaondoa stika za waliohama.

2. Stika iwe na namba ya fleti, namba ya gari na tarehe ya mwisho. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita apate stika ya miezi sita. Akilipa tena, inaongezwa.

3. Ili kupata stika, mpangaji aonyeshe mkataba wa upangaji na kadi ya gari. Mmiliki anayeishi hapo aonyeshe kadi ya gari.

4. Siku ya kuhama, stika irudishwe pamoja na funguo. Chama kinaweza kuomba amana ndogo, inayorudishwa stika ikirudi.

5. Wageni wapewe karatasi getini, yenye namba ya fleti, saa ya kuingia na saa ya mwisho, na iwekwe mbele ya kioo. Nafasi chache ziachwe kwa ajili yao.

6. Kanuni na kiasi cha faini vibandikwe getini. Gari lisifungwe kabla mlinzi hajapiga simu kwenye fleti husika.

Palipo na ugumu

Ugumu mkubwa uko kwenye michango. Mpangaji analipa kila kitu kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba hapeleki mchango kwenye chama, na chama kinamnyima mpangaji stika ili kumbana mmiliki. Tunaelewa kwa nini chama kinafanya hivyo, maana mlinzi lazima alipwe. Lakini anayeumia ni mtu ambaye hadaiwi. Ni haki zaidi chama kimdai mmiliki mwenyewe, kwa barua na kwa hatua ambazo kanuni zake zinaruhusu.

Ugumu wa pili ni kwamba kanuni zinapitishwa na wamiliki, na wengi wao hawaishi pale. Mmiliki aliye mbali haoni foleni ya getini saa moja usiku. Chama chenye busara huwaalika wapangaji wachangie mawazo kwenye mkutano, hata kama kura si yao.

Kwako wewe

Ukiwa mzazi wa mpangaji, mwambie mwanao aulize mambo matatu kabla ya kulipa kodi: fleti hii ina nafasi ya gari? Stika nitapewa na nani? Mchango wa jengo analipa nani? Majibu yaandikwe kwenye mkataba, na risiti zitunzwe.

Ukiwa mmiliki unayeishi huku kijijini, andikia chama jina na simu ya mpangaji wako kila anapobadilika, na umwachie stika. Mpangaji anayefungiwa gari kila wiki hakai, na fleti iliyo tupu haileti kodi.

Ukiwa mgeni, usiishie kufunguliwa geti. Muulize mlinzi gari linaweza kulala hapo au ni kushusha mzigo tu, na uombe karatasi. Ukifungwa, omba kuonyeshwa kanuni iliyoandikwa, na usitoe fedha bila risiti.

Kwa msikilizaji wetu wa Mbarali: mzee, uliruhusiwa kuingia lakini hukupewa ruhusa ya kulaza gari, na hakuna aliyekueleza tofauti. Kosa hilo si lako peke yako. Binti yako amuulize mwenye nyumba wake stika ya fleti hiyo iko kwenye gari la nani.