Joto ndilo siri ya kusafisha moshi wa dizeli

LORI la kisasa la dizeli husafisha moshi wake vyema zaidi linapopanda mlima na shehena nzito kuliko linapokwama kwenye foleni injini ikinguruma. Huenda jambo hili likawashangaza wengi, ila sababu yake ni moja: joto.

Injini ya dizeli hutoa uchafu wa aina mbili wenye madhara makubwa. Wa kwanza ni masizi, chembechembe ndogo mno ambazo hupenya hadi ndani ya mapafu. Wa pili ni oksidi za nitrojeni, gesi zinazowasha njia ya kupumua na kuwazidishia taabu wagonjwa wa pumu. Mnamo Juni 2012, kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kiliuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani.

Ili kukabiliana na uchafu huo, malori yaliyoundwa kwa kuzingatia kanuni za Ulaya za Euro VI, zilizoanza kutumika 2013, hufungwa vifaa viwili muhimu kwenye bomba la moshi. Kimoja ni chujio la kunasa masizi. Kingine ni kichocheo, ambacho kwa msaada wa yurea iliyochanganywa na maji hugeuza oksidi za nitrojeni kuwa nitrojeni ya kawaida na mvuke.

Hata hivyo, vifaa hivyo ni bure pasipo joto. Yurea haigeuki amonia ipasavyo hadi moshi ufikie takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Chini ya hapo, kompyuta ya gari husitisha unyunyizaji, kwani yurea ingegandamana ndani ya bomba na kuliziba. Nalo chujio likishajaa huhitaji takriban nyuzi 600 ili masizi yateketee, yabakie majivu kidogo tu.

Hapo ndipo penye kikwazo. Dizeli huchomwa kwa hewa nyingi ya ziada, na hewa hiyo hupoza moshi. Gari likisimama huku injini ikinguruma, moshi huweza kushuka chini ya nyuzi 150, na gesi hatari zikapita bila kusafishwa.

Wahandisi wamebuni mbinu kadhaa za kulihifadhi joto. Kichocheo huwekwa karibu na injini, na mabomba yakavishwa tabaka la kuzuia joto lisipotee. Mbinu nyingine ni kupunguza hewa inayoingia kwenye injini, au kunyunyiza dizeli kidogo kwa kuchelewa ili iungue karibu na chujio. Wapo pia wanaotumia hita ya umeme.

Mbinu ya kuongeza dizeli ina gharama yake, kwani mafuta hayo hayasukumi gari. Ndiposa baadhi ya watengenezaji wamegeukia kuzima silinda kadhaa kazi inapokuwa nyepesi. Silinda zinazosalia hufanya kazi kwa bidii zaidi, hewa baridi hupungua, na moshi hupata joto bila kuteketeza mafuta ya ziada.

Mnamo 2020, jimbo la California nchini Marekani lilipitisha kanuni iliyoongeza jaribio la injini inapofanya kazi nyepesi, baada ya kubainika kwamba majaribio ya awali hayakuonyesha ipasavyo uchafu wa magari yaendayo polepole mijini.

Nchini Kenya, hatua muhimu ilipigwa Januari 2015, wakati mataifa ya Afrika Mashariki yalipoanza kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila sehemu milioni. Salfa nyingi hudhoofisha vichocheo. Lakini mafuta safi pekee hayatoshi ikiwa mwenye gari ataamua kung'oa chujio kila linapoziba. Gharama anayoikwepa gereji italipwa na mapafu ya wachuuzi wa kando ya barabara.

Taa ya chujio inapowaka, mara nyingi tiba ni kuendesha gari kwa mwendo wa kasi ya wastani kwenye barabara kuu, bila kusimama, hadi masizi yateketee, kwa kufuata maagizo ya mtengenezaji. Wakati huo bomba huwa moto sana, hivyo gari lisiegeshwe penye nyasi kavu. Na dereva anayejua atakaa kwenye foleni kwa muda mrefu, heri azime injini.