Kikohozi cha shimoni: simu inajibu nusu tu

WAMAZA. Kijana mmoja mchimbaji anakohoa tangu mvua za mwaka jana. Hakwenda kwa munganga. Alinunua mega, akapanda fasi rezo inakamata, akauliza simu kwa Kiswahili: dawa ya kikohozi. Simu ikamjibu tangawizi, asali na ndimu. Akakunywa mwezi mzima. «Sasa hata kubeba mufuko moja ya mawe ninachoka,» anatuambia.

Tuliketi naye, tukauliza tena. Kwa Kiswahili tulipata mafua, na wauza dawa wanaoahidi kuponyesha kila kitu. Kwa Kifaransa, «silicose» ilitupeleka mpaka kwa makaa ya mawe ya Ufaransa, wazee wa zamani! OMS iko na luga rasmi sita, Kiswahili hakimo. Mega ikaisha.

Basi tuandike hapa kile tulichokuwa tunatafuta. Jiwe la dhahabu, lile jeupe, likitwangwa linatoa vumbi. Ile unayoiona si mbaya zaidi. Mbaya ni ile ndogo isiyoonekana: inafika chini kabisa ya mapafu, inaacha makovu, pumzi inapunguka. Njo silikozi. Mara nyingi inakuja polepole, kiisha miaka kumi ao zaidi, lakini vumbi ikiwa mingi sana haingoji. Hakuna dawa ya kuiponyesha. Na si ya wanaume wa shimoni peke yao. Wamama wanaotwanga mawe, wale Kamituga wanaitwa «twangaises», wanavuta vumbi ileile, na mtoto kwa mgongo.

Kuna jambo lingine, na hilo hakuna ukurasa uliomwambia kijana wetu: mapafu yenye vumbi hiyo yanakamatwa upesi na kifua kikuu. Magonjwa yote mawili yanakohoesha, yanakondesha, yanaumiza kifua. Kwa macho huwezi kuyatenga; inafaa kupima makohozi, na radio ya kifua kama iko. Kifua kikuu kinapona: dawa za miezi sita, na kwa Kongo dawa hizo ni za bure. Lakini anayengojea tangawizi imponyeshe anawapa ugonjwa wale wanaolala naye nyumba moja.

Afrika ya Kusini wanajua hesabu yake. Mwaka 2019 tribinali ya Johannesburg ilikubali mapatano ya randi miliari 5 hivi kwa wachimbaji wa dhahabu wenye silikozi na kifua kikuu. Kwetu, mchimbaji wa mikono hana kampuni ya kushitaki. Ako na maji: kulowanisha jiwe mbele ya kulitwanga kunapunguza vumbi. Kitambaa usoni hakizuii ile ndogo.

Kijana alituuliza kama munganga atajua kazi yake. Tukamwambia aanze yeye: miaka mingapi shimoni, jiwe gani, nani anakohoa nyumbani. Kesho yake asubui tulimkuta kwa mlango wa kituo cha afya, na kopo ya makohozi mkononi.